Idi Amin wa Filamu na Kampala Iliyomjua

Mgeni akishazoeana na dereva wa bodaboda au mwongoza watalii jijini Kampala, maswali huanza. Ni kweli Idi Amin alikula nyama ya watu? Vichwa vya maadui zake vilikaa kwenye friji? Yule daktari kijana wa Kiskoti aliyetorokea Entebbe yuko wapi siku hizi? Wanaouliza wametoka Ulaya, Nairobi, Dar es Salaam, hata Jinja iliyo mwendo wa saa chache tu, na wengi wao wamejifunza historia hiyo mahali pamoja: mbele ya skrini.

Raia wengi wa Uganda walio hai leo walizaliwa baada ya Aprili 11, 1979, siku Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Amin hawakumwona. Walichonacho ni masimulizi ya wazazi, kurasa chache za kitabu cha shule, na filamu. Tena katika vibanda vya video vya mitaani filamu huwa na sauti ya pili juu yake. Veejay, mfasiri anayekaa na kipaza sauti pembeni, hupunguza sauti za waigizaji na kusimulia kwa Luganda yanayotokea, akitia chumvi pale anapoona hadithi imepoa. Kuna watoto wa Kampala waliomjua rais wa zamani wa nchi yao kwa njia hiyo: mwigizaji wa nje, mswada wa nje, kisha maneno ya veejay juu yake. Ni haki kuuliza kipi kati ya hayo kilitokea.

Katika Afrika Mashariki, sura ya Amin iliyokaa vichwani mwa watu kwa muda mrefu ilikuwa ya Mkenya. Joseph Olita, mzaliwa wa Siaya, alifanana na Amin kwa kimo, kwa uso na kwa mwendo, na mwaka 1981 alimwigiza katika Rise and Fall of Idi Amin, filamu ya Sharad Patel iliyotengenezwa Kenya. Kanda zake zilizunguka vibandani kwa miaka mingi. Olita alimwigiza Amin tena mwaka 1991 katika Mississippi Masala ya Mira Nair, na alipofariki mwaka 2014 magazeti ya Kenya yalimuaga kama mtu aliyekuwa Amin kuliko Amin mwenyewe. Ndani ya filamu ile ya 1981 ndimo walimo Amin anayefungua friji penye vichwa vya watu na Amin anayeonja nyama ya binadamu. Aliyeiona akiwa mdogo hasahau.

Je, ilikuwa kweli? Shahidi anayetajwa zaidi ni Henry Kyemba, aliyekuwa katibu wa Amin, kisha waziri wa utamaduni, kisha waziri wa afya. Mwaka 1977 alikimbia nchi akiwa safarini Geneva kwenye mkutano wa afya wa dunia, na mwaka huohuo akachapisha kitabu, A State of Blood. Kyemba aliandika kwamba Amin alijisifu mbele ya maofisa wake kuwa amewahi kula nyama ya mtu. Majigambo hayo yana maana yake. Amin alikuwa bondia, bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi katika miaka ya 1950, na alijua faida ya kumtisha mpinzani kabla kengele haijagongwa. Lakini mtu kusema amekula ni jambo moja, na mtu mwingine kusema alimwona akila ni jambo jingine. Ushahidi wa aina hiyo ya pili haujawahi kuwekwa mezani, wala hakuna aliyethibitisha habari za friji. Kilichokutwa mwaka 1979 kwenye jengo la State Research Bureau, idara ya usalama iliyokuwa Nakasero jirani na makazi ya rais, kilikuwa maiti za wafungwa na makabati yaliyojaa mafaili.

Uzushi huu haukumwangukia Amin peke yake. Ukisema rais alikula watu kwa sababu ya mila za kwao, umewatia hatiani Wakakwa, Walugbara na Wanubi wote, pamoja na wakulima wa West Nile, eneo la kwao, ambao hawakuwahi kukanyaga Kampala. Baada ya Amin kuanguka, wanajeshi wa serikali mpya walilipiza kisasi katika eneo hilo, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Sudan na Zaire. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa mlemle misheni. Huo ndio mwaka ambao filamu ya Patel ilitoka. Hapana haja ya kudai kwamba filamu ndiyo iliyowaua. Inatosha kuona kwamba dunia ilikuwa ikitazama friji lisilokuwepo wakati watu wa Ombaci wakizikwa.

Mwaka 2006 ikaja filamu iliyompeleka Amin wa skrini mbali zaidi, The Last King of Scotland, iliyoongozwa na Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Ilipigwa Uganda kwenyewe, na waigizaji wa Kampala walipata nafasi zao: Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kundi la Ndere, na Abby Mukiibi wa Afri-Talent wamo. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili na kupiga akodiani ili amvae Amin sawasawa, na Februari 2007 akashinda Oscar. Mwezi huohuo filamu ilizinduliwa Kampala, naye akiwepo. Wazee waliomfahamu Amin walikiri kwamba kicheko, mabega na ile hasira ya ghafla vilikuwa vyenyewe.

Kilichokuwa cha kubuni ni mtu wa pili. Nicholas Garrigan, daktari wa Kiskoti anayeokota urafiki wa rais barabarani na kugeuka mshauri wake, hakuwahi kuwepo. Foden alimtunga, na sehemu ya alichomvalisha ilitoka kwa Bob Astles, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1924 na kuja Uganda akiwa kijana. Astles hakuwa daktari, hakuwa Mskoti, wala hakuwa mtu asiyejua alichoingia. Alimtumikia kwanza Milton Obote, rais ambaye Amin alimpindua, Amin akamtia ndani, kisha akamtoa na kumfanya mshauri wake, na watu wa Kampala wakamwogopa chini ya jina la Meja Bob. Baada ya 1979 alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji, mahakama ikamwachia, lakini akaendelea kushikiliwa hadi mwaka 1985. Alifia Uingereza Desemba 2012. Filamu iliyomfuata Astles wa kweli ingelazimika kuonyesha Mzungu wa makamo mwenye uzoefu wa miaka mingi nchini. Iliyotengenezwa ilimpa mtazamaji kijana mweupe asiye na hatia wa kumshika mkono.

Cheo cha mfalme wa Skoti, kwa upande mwingine, hakikutungwa na mwandishi. Amin alikulia jeshini chini ya maofisa Waskoti wa King's African Rifles, alipenda zumari zao na sketi zao, na katika miaka ya 1970 alitangaza kwamba anaunga mkono Skoti kujitenga na Uingereza na yuko tayari kuwa mfalme wao. London ilicheka. Kwa Amin, kila kicheko cha London kilikuwa habari ya ukurasa wa mbele.

Palipoumiza watu wengi wa Uganda ni kisa cha Kay. Katika filamu, Kay Amin anaanza mapenzi na Garrigan, anapata mimba, anafariki baada ya kujaribu kuitoa, na maiti yake inaonekana viungo vimeshonwa kinyume, mikono mahali pa miguu. Kay Adroa alikuwa mtu wa kweli. Alisoma Makerere, aliolewa na Amin mwaka 1966, na Machi 1974 akasikia redioni kama wananchi wengine kwamba ametalikiwa, pamoja na wake wenzake Malyamu na Nora, siku moja. Agosti mwaka huohuo mwili wake ulikutwa umekatwakatwa kwenye gari la daktari mmoja wa Kampala, Mganda, ambaye naye alikufa wakati huohuo kwa kumeza dawa. Kyemba ndiye aliyekuwa waziri wa afya, na habari zilipita mikononi mwake. Kwa maelezo yake, Kay alifia katika jaribio la kutoa mimba. Amin aliagiza mwili uunganishwe, ukashonwa katika hospitali ya Mulago kila kiungo mahali pake, kisha akawaleta watoto wa marehemu wautazame na kuwaambia kwamba mama yao alikuwa mwanamke mbaya.

Walioandika filamu waliona hilo halitoshi. Wakageuza viungo, wakamweka Mzungu mahali pa daktari wa Kampala. Watoto waliosimama mbele ya maiti ile wamekuwa watu wazima na wameishi na filamu hiyo. Ubunifu una uhuru wake, lakini ukishatumia jina halisi la mama wa mtu, uhuru huo una deni.

Entebbe nayo imepigiwa filamu nyingi kuliko tukio lingine lolote la nchi hii. Ndege ya Air France iliyotekwa Juni 27, 1976 ikitoka Athens kwenda Paris ilitua Entebbe siku iliyofuata, na makomando wa Israeli walivamia usiku wa kuamkia Julai 4. Kabla ya mwaka kwisha Marekani ilikwisha kuonyesha Victory at Entebbe kwenye televisheni. Januari 1977 ikafuata Raid on Entebbe, kisha Operation Thunderbolt ya Israeli, na mwaka 2018 ikaja 7 Days in Entebbe. Kwa kiasi kikubwa zinapatana na kumbukumbu: watekaji wawili Wapalestina na wawili Wajerumani, gari jeusi la Mercedes lililotangulizwa ili walinzi wadhani Amin anarudi safarini, mateka 102 waliookolewa, kamanda Yonatan Netanyahu aliyeuawa. Amin kweli alikuwa ametoka Mauritius usiku huo baada ya kukabidhi uenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Abiria wasio Waisraeli nao kweli waliachiwa kabla ya uvamizi, na hapo ndipo The Last King of Scotland ilipompenyeza Garrigan wake.

Zinachopita haraka ni Kampala ya asubuhi iliyofuata. Dora Bloch, bibi wa miaka 74 mwenye uraia wa Uingereza na Israeli, alikuwa amekwamwa na chakula kooni na kupelekwa Mulago. Uvamizi ulipofanyika yeye alikuwa kitandani hospitalini. Watu wa usalama walikuja wakamtoa wodini wagonjwa na wauguzi wakiona, na serikali ikadai alikuwa amerudishwa uwanjani kabla ya tukio. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979 karibu na shamba la miwa upande wa barabara ya Jinja. Jimmy Parma, mpiga picha wa gazeti la serikali la Voice of Uganda, naye aliuawa, na masimulizi ya wakati ule yanasema alikuwa amepiga picha za mwili wa bibi huyo. Wanajeshi wa Uganda kama 45 walikufa uwanjani bila filamu yoyote kuwapa majina. Kisha zamu ikawafikia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, kwa kuwa ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi. Mamia waliuawa katika siku zilizofuata.

Kuna hadithi ndogondogo ambazo watu huziamini kwa sababu ni tamu. Inasemwa Amin alikaa benchi kama mchezaji wa akiba wa timu ya raga ya Afrika Mashariki ilipocheza na British Lions jijini Nairobi mwaka 1955. Raga alicheza, hilo ni kweli, lakini kanuni za mchezo wakati huo hazikuruhusu kubadilisha wachezaji katika mechi za aina hiyo, kwa hiyo benchi lenyewe halikuwa na kazi. Inasemwa pia alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, na mwenyewe alipenda kusema hivyo. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, vita imekwisha, akaanzia jikoni.

Nyingine huonekana kama uzushi, na kumbe zilitokea. Picha ya Amin akiwa amekaa juu ya kiti kilichobebwa na Wazungu wanne, wa tano akifuata nyuma na mwavuli mdogo, haikutengenezwa na fundi wa picha. Ilikuwa Julai 1975, Kampala imejaa marais waliokuja kwenye mkutano wa Afrika. Wabebaji walikuwa wafanyabiashara Waingereza wakazi wa mji, na mshika mwavuli Mswidi. Wapo Waafrika wengi walioishangilia, wakikumbuka picha za miaka mingi nyuma ambazo Waafrika ndio walikuwa chini ya kiti. Mwaka huohuo Waingereza kadhaa walipiga magoti mbele yake wakila kiapo cha kujiunga na jeshi la akiba, na picha hiyo nayo ikazunguka dunia.

Hapo ndipo filamu nyingi zinapokosea zaidi. Zinamwonyesha Amin kama mtu aliyepigwa picha, na kumbe alikuwa mpangaji wa picha zake mwenyewe. Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alipata ruhusa ya kutengeneza filamu juu yake, na Amin akajiteua kuwa nusu ya mwongozaji. Akaandaa mazoezi ya kuvamia milima ya Golan kwa helikopta na vikosi vichache, akampeleka mpiga kamera mtoni kuona mamba na tembo, akapiga akodiani. Filamu ilipotoka, alipeleka watu London waitazame na kuandika kila kilichosemwa. Kisha akadai vipande vikatwe. Schroeder alipokataa, Amin aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, karibu 200, akawafungia hotelini chini ya ulinzi wa askari na kuwapa namba ya simu ya mwongozaji. Vipande vikakatwa. Vilirudishwa baada ya kuanguka kwake.

Katika filamu hiyo kuna sehemu isiyo na damu hata tone, na ndiyo inayotisha kuliko friji la Olita. Ni kikao cha baraza la mawaziri. Amin anaongea bila karatasi, anawafundisha kazi, anamkaripia waziri wa mambo ya nje kwamba nchi haijulikani vya kutosha ulimwenguni. Mawaziri, watu wa shahada na suti, wameinamia madaftari wanaandika kila neno kama wanafunzi wa darasa la tatu. Hakuna anayenyanyua macho kwa muda mrefu. Muda mfupi baadaye mwili wa waziri huyo, Michael Ondoga, uliokotwa kwenye mto Nile. Atakayetaka kujua serikali ile ilivyokuwa, aitazame mikono ya wale wanaoandika.

Kampala yenyewe imejifunza kumuuza Amin wa filamu. Ndani ya ua wa Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, lililoko Mengo, kuna handaki lililochimbwa kilimani ambalo watalii huonyeshwa kama chumba cha mateso cha Amin. Mlango ni mfupi, na ndani kuna vyumba vya zege vilivyopangwa upande mmoja, sakafu yake ikiwa juu ya njia inayopita mbele yake. Waongoza watalii hueleza kwamba njia hiyo ilijazwa maji yenye umeme ili asitoke mtu. Handaki lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Israeli liwe ghala la silaha, kabla Amin hajagombana nao, na baadaye likawa jela. Lakini soma kuta. Maandishi yaliyopigwa picha zaidi humo yanamtaja Milton Obote kwa jina: aliyeandika anamwambia Obote kwamba amemuua yeye, na kumuuliza watoto wake watakuwaje.

Obote alirudi madarakani Desemba 1980 na kukaa hadi Julai 1985. Katika miaka hiyo watu wengi waliuawa Luwero na katika kambi za jeshi za Kampala. Lubiri ilibaki kambi, na handaki lilibaki na kazi yake. Mwongoza watalii anapomtaja Amin peke yake, aliyeandika ukutani ananyang'anywa hata neno lake la mwisho. Na Lubiri hiyohiyo ina jeraha la zamani zaidi: Mei 24, 1966 jeshi liliishambulia kwa amri ya Obote, kamanda akiwa Amin, na Kabaka Mutesa II akakimbilia London alikofia mwaka 1969. Obote na Amin walikuwa washirika kabla hawajawa maadui. Filamu zinazomwanzisha Amin na mapinduzi ya Januari 25, 1971, kama mtu aliyeshuka kutoka angani, haziwezi kueleza alikotoka wala kwa nini umati wa Kampala ulimshangilia siku ile.

Swali la hesabu nalo halikwepeki. Waliuawa wangapi? Namba iliyozoeleka kwenye filamu na magazeti ni 300,000. Makadirio ya mashirika na wasomi yanatofautiana sana, kuanzia makumi ya maelfu hadi kufikia na kuvuka namba hiyo, kwa sababu aliyechukuliwa usiku hakuandikwa popote. Amin mwenyewe aliunda tume ya uchunguzi Juni 1974, chini ya Jaji Mohamed Saied, kuangalia watu waliopotea tangu apindue serikali. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuthibitisha visa 308, ikaitaja idara ya State Research Bureau na polisi wa jeshi. Ripoti haikutangazwa. Ukipima 308 dhidi ya 300,000 unaweza kudhani mmoja anadanganya, lakini hizo ni hesabu za aina mbili. Kila kisa kati ya 308 kina mke, mama au kaka aliyethubutu kuingia chumbani mbele ya jaji, serikali ya Amin ikiwa madarakani, na kusema jina la mtu wake.

Mwaka 2015 watafiti na wafanyakazi wa shirika la utangazaji la taifa, UBC, walifungua kabati lililosahauliwa na kukuta negativu kama 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Sehemu yake ndogo ilionyeshwa Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, kuanzia Mei 2019. Amin anacheza ngoma, anakagua gwaride, anasalimia mabalozi. Watuhumiwa wa magendo wamesimamishwa mbele ya kamera. Wengi wa watuhumiwa hao hawajulikani mwisho wao. Mateso ya Nakasero hayakupigwa picha, na walioandaa maonyesho walijua hatari ya kumtukuza mtu kwa picha zake mwenyewe, hivyo wakaweka pia sura za waliouawa. Wageni wengi walisimama wakitafuta jamaa.

Maeneo yenyewe yapo, hayajifichi. Eneo la Clock Tower, kwenye barabara ya kwenda Entebbe, ndipo walipopigwa risasi watu hadharani Septemba 1977. Msitu wa Namanve, kando ya barabara ya Jinja, ulikuwa mahali pa kutupa maiti, na sasa ni eneo la viwanda. Katika Mahakama Kuu ndimo alimochukuliwa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, Septemba 21, 1972, siku chache baada ya kumwachia huru Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa kinyume cha sheria. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 16, 1977 pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa.

Jina jingine la mwaka huohuo lingepaswa kujulikana na kila anayependa filamu. Byron Kawadwa alikuwa mtunzi wa tamthilia za Kiganda na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo, lile jengo lenye kuta za matundumatundu karibu na Bunge. Mapema mwaka 1977 alipeleka kundi lake Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na kucheza Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo kuhusu hila za madaraka ndani ya ufalme. Watazamaji wa Kampala walitambua ndani yake yaliyoipata Mengo mwaka 1966. Wakubwa wa 1977 walijitambua wenyewe. Kawadwa alirudi nyumbani, watu wa usalama wakamfuata kwenye jumba la maigizo, na hakuonekana tena akiwa hai.

Watengenezaji filamu vijana wa Kampala, ambao siku hizi wana kamera, waigizaji na hadhira yao wenyewe, hawahitaji Garrigan. Mtunzi wa kundi lililokwenda Lagos, jaji aliyetolewa ofisini mwake na mpiga picha wa Voice of Uganda waliishi hapahapa, na wapo ndugu zao wanaoweza kuulizwa.